Wajibu husafiri na lori, haki hubaki nyumbani

Wengi wetu huijua serikali kwa kipande kimoja tu: ofisi ya kata, zahanati, shule ya watoto, pengine kituo cha polisi siku ya mkosi. Dereva wa lori la masafa marefu huijua kwa urefu wake wote. Anayetoka bandarini Dar es Salaam na kontena la kupeleka Lubumbashi, safari ya takriban kilomita 2,000, hupita mikoa saba kabla ya kutoka nchini. Njiani kuna mizani ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, kuna trafiki wa kila wilaya, kuna TRA inayofuatilia mzigo wa transit kwa kifaa kilichofungwa kwenye kontena, na Tunduma kuna uhamiaji, forodha na afya. Akimaliza hapo anaanza upya na Zambia, kisha Kasumbalesa, kisha Congo. Mtu wa namna hii akizungumzia siasa, barabara au haki za raia, tumezoea kuyapokea maneno yake kama soga za kijiweni, zenye chumvi nyingi na malalamiko ya mtu aliyechoka. Chumvi ipo, sikatai. Lakini ndani yake kuna ushahidi ambao hakuna ofisa wa wizara anayeweza kuukusanya akiwa Dodoma, na ukiupanga vizuri unaonyesha jambo moja: sheria zetu zimehakikisha kwamba wajibu wa dereva unamfuata kila aendako, ilhali haki zake zimeachwa zikimsubiri kwenye kata alikojiandikisha.

Tuanze na wajibu, kwa kuwa ndio unaoonekana. Kila lita ya dizeli ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 Bunge liliongeza Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA. Mwenye kulipa dizeli ni tajiri, ni kweli, ila kila tozo inapopanda, mahali rahisi pa kubana ni posho ya safari, na posho ndiyo inayomlisha dereva njiani. Mizani nayo ina sheria moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019: lori na tela lake lisizidi tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Sheria hii ina msingi mzuri wa kihandisi. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake, yaani ukiuongeza uzito wa ekseli mara mbili, lami inaumia kama mara kumi na sita. Hakuna dereva mwenye akili timamu anayetaka barabara ivunjike chini ya magurudumu yake. Malalamiko yao ni ya aina nyingine. Kontena la transit hupakiwa na watu wengine, hufungwa lakiri, na dereva haruhusiwi kuigusa. Uzito wa jumla unaweza kuwa sawa kabisa na bado ekseli za nyuma zikazidi kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja. Hapo ofisa wa mizani ana sheria mkononi, tajiri yuko kwenye simu, mpakiaji hayupo popote, na dereva ndiye anayelala uwanjani na lori mpaka tozo ilipwe.

Faini za barabarani ni hadithi ileile kwa kiasi kidogo. Faini ya kosa moja si fedha ya kumfilisi mtu, na makosa mengi yanayoandikwa ni makosa kweli. Anayepinga, sheria inamruhusu akatae kulipa papo hapo na kuomba apelekwe mahakamani. Hebu tulipime ruhusa hiyo kwa mazingira ya kazi. Ameandikiwa Iringa, nyumbani kwake ni Tanga, mzigo unatakiwa Ndola ndani ya siku chache, na kila siku ya kuchelewa ina mtu wa kuidai. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Hakuna aliyemfutia haki hiyo. Ratiba ya safari imeifanya iwe ghali kuliko faini yenyewe, basi analipa, hata pale anapoamini hakukosea. Mahakama zetu zimekuwa zikisikiliza mashauri kwa video kwa miaka kadhaa sasa, na mahabusu husikilizwa bila kutolewa gerezani. Kama teknolojia hiyo imemfaa aliyefungwa asiweze kusafiri, sioni sababu isimfae anayesafiri asiweze kukaa.

Kwenye haki za kazi ndiko pengo linapokuwa pana zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa tisa za kazi kwa siku, saa 45 kwa wiki na siku sita za kazi, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne. Sasa mweke dereva kwenye foleni ya Tunduma, ile ambayo mambo yakiharibika husogea nyuma mpaka Mpemba. Anasogea mita chache, anazima injini, anasubiri, anasogea tena. Usiku anakesha kulinda turubai, tangi la mafuta na betri. Je, hizo ni saa za kazi? Kwa akili ya kawaida ni kazi, kwa sababu akiondoka atafukuzwa, na kitu kikiibwa kitakatwa kwenye malipo yake. Kwa hesabu za matajiri wengi si kazi, maana dereva hulipwa kwa tripu, na tripu ni ileile iwe imechukua siku kumi au siku ishirini. Hapa ndipo swali la miundombinu, swali la siasa na swali la haki yanapokutana, na ndipo dereva anapoona asichokiona mhandisi wala mwanasiasa. Serikali ikishindwa kusogeza foleni, gharama ya kushindwa huko hulipwa kwa muda wa mtu ambaye muda wake hauna bei kwenye karatasi yoyote. Kama kusubiri kungelipwa, wamiliki wa malori wangekuwa wa kwanza kupiga kelele Dodoma na Lusaka, na foleni zingepungua kwa kasi ambayo mikutano ya wakuu wa nchi haijawahi kuifikia.

Kuhusu siasa, dereva ana darasa lake. Ugomvi wa viongozi kwetu sisi wa mijini ni habari ya jioni. Kwake ni geti lililofungwa. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna Februari 2019 kwa sababu ya mvutano wake na Uganda, na mpaka ule haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu mizigo ya Kigali ikizungushwa kupitia njia nyingine. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza siku chache baadaye baada ya malori kurundikana. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Congo, pamoja na Kasumbalesa, kwa ugomvi uliotokana na Congo kupiga marufuku bia na vinywaji baridi kutoka Zambia. Shaba na kobalti, madini ambayo dunia nzima inayagombania kwa ajili ya betri, yalisimama kwa sababu ya soda. Aprili 2025 ikawa zamu yetu, Tanzania ikizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini kujibu marufuku zao. Katika kila tukio kulikuwa na hoja ya kitaifa, na nyingine zilikuwa na uzito. Ninachokitazama ni kwamba mtu aliyekuwa njiani siku uamuzi ulipotangazwa hakuwa na notisi, hakuwa na fidia, na hakuwa na chombo cha kumuuliza. Ibara ya 21(2) ya Katiba inasema raia ana haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Basi nani anahusika na mpaka kuliko anayelala mpakani?

Mwaka 2020 ulionyesha haki hizo zinavyoweza kuyeyuka kwa haraka. Corona ilipoingia, madereva walikuwa miongoni mwa watu wachache walioruhusiwa kuvuka mipaka, kwa sababu bila wao dawa, mafuta na chakula visingefika. Papo hapo wakageuzwa kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Mei mwaka huo Kenya ilifunga mipaka yake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo na ikadai kila dereva apimwe. Upande wa Tanzania viongozi wa mikoa wakajibu kwa kuwazuia madereva wa Kenya. Na Uganda ikaamua kuwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu ya wagonjwa wake, kana kwamba virusi vilivyopimwa mpakani havikuwa vya nchi yoyote. Hatua za afya zilihitajika, na mtu yeyote anayesema zilikuwa uonevu mtupu anasahau hofu ya wakati ule. Lakini tofautisha kupima na kunyanyapaa. Kizazi cha madereva kilichotangulia kilibebeshwa mzigo huohuo wakati wa Ukimwi, walipotajwa kila mahali kama wasambazaji na kwa nadra sana kama wagonjwa wenye haki ya tiba na siri. Funzo hilo lilikuwapo kwenye mafaili ya wizara zote za afya za ukanda huu, na bado tulirudia.

Barabara yenyewe nimeichelewesha makusudi, kwa kuwa ndiyo mada ambayo kila mtu anadhani anaijua. Wanasiasa hupima mafanikio kwa kilomita za lami. Dereva hupima kwa saa, na vipimo hivi viwili vinazaa vipaumbele tofauti kabisa. Kwa saa, kilomita chache za mteremko wa Kitonga zina uzito kuliko mamia ya kilomita za tambarare, kwani lori moja likikwama pale, barabara kuu ya kwenda Nyanda za Juu Kusini, Zambia, Malawi na Congo husimama yote, mabasi na magari ya wagonjwa yakiwamo. Kwa saa, kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Tunduma na Nakonde Oktoba 2019 ni kitu kizuri sana siku mifumo ya kompyuta ya nchi mbili inapoelewana, na ni jengo zuri tu siku mfumo wa upande mmoja unapolala. Kuna pia kitu ambacho hakimo kabisa kwenye hotuba za uzinduzi: mahali pa kuegesha na kulala. Tumejenga njia kuu ya kimataifa ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, halafu tukategemea kwamba malori yatapumzika kwenye bega la barabara, mbele ya baa na magenge ya chips. Matokeo tunayaona usiku, basi linapogonga tela lililoharibika ambalo alama yake ya tahadhari ni matawi ya mti yaliyotupwa kwenye lami. Viwanja vya mapumziko vyenye taa, vyoo, maji na ulinzi ni vya bei ndogo ukilinganisha na daraja moja kubwa, na vingeokoa maisha ya abiria kuliko ya madereva wenyewe. Havina utepe wa kukata wenye mvuto, nadhani ndiyo sababu havijengwi.

Anayedhani kuwashirikisha watu wa malori ni urembo wa kidemokrasia aangalie yaliyotokea Mombasa. Kenya ilikamilisha reli ya kisasa hadi Nairobi mwaka 2017, kisha ikalazimika kuitafutia mizigo, na mwaka 2019 mamlaka za bandari na kodi zikaagiza kontena za Nairobi na bara zipande treni. Mji mzima ulitikisika: madereva, mafundi wa tairi, mama ntilie wa Mariakani na Mtito Andei, wenye maghala. Wakaandamana, Serikali ikarudi nyuma, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba agizo lile lilikiuka Katiba, ushirikishwaji wa wananchi ukiwa miongoni mwa mambo yaliyokosekana. Septemba 2022 Rais William Ruto, akiwa ameapishwa tu, akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Ukihesabu kutoka agizo la kwanza, Kenya ilitumia miaka mitatu kufika mahali ambapo mazungumzo ya miezi michache yangeweza kuifikisha, na mikopo ya reli ilikuwa ikiendelea kudai riba. Sisi reli yetu ya kisasa imefika Dodoma, abiria wanaisifu tangu mwaka 2024, na zamu ya mizigo ndiyo hii. Reli ni nzuri kwa mzigo mzito wa masafa marefu, na lami itapumua. Dereva mwenye busara halipingi hilo. Anauliza swali la kawaida kabisa: safari fupi za kutoka stesheni hadi ghalani zitapangwa na nani, kwa malipo gani, na madereva wa Dar–Dodoma wataambiwa lini? Nilitegemea mjadala mkubwa wa bandari wa mwaka 2023, uliopigwa kwa hasira bungeni, misikitini, makanisani na mitandaoni, ungegusa swali kama hilo. Ulihusu mamlaka ya nchi, jambo kubwa kweli, lakini saa ambazo lori hukaa getini hazikupata msemaji.

Msemaji yupo, utaambiwa: Chama cha Wamiliki wa Malori Tanzania, TATOA, hukutana na mawaziri na hutoa matamko. Ni kweli, na mara nyingi masilahi ya tajiri na dereva huenda pamoja. Wote wanataka foleni ifupike na Kasumbalesa iwe salama. Ila zipo sehemu ambazo njia zao huachana, na ni sehemu nyeti: mkataba wa maandishi, malipo ya kusubiri, bima, nani abebe tozo ya mizani, nani awajibike lori likitekwa. Septemba 2016, waasi wa Mai-Mai walipoyateka malori huko Namoya, mashariki mwa Congo, na jeshi la nchi hiyo likalazimika kwenda kuwaokoa madereva, bima ya gari na bima ya mtu zilikuwa maswali mawili tofauti. Historia ya mbali nayo inaonya. Mgomo wa malori uliotikisa Chile Oktoba 1972 hukumbukwa kama mgomo wa madereva, lakini uliongozwa na shirikisho la wamiliki lililokuwa na ugomvi wake na serikali ya Salvador Allende. Kumwachia mwenye lori amsemee anayeliendesha ni kuamini kwamba mwajiri atadai nyongeza ya mshahara kwa niaba ya mwajiriwa.

Pingamizi lingine ni la kimaadili zaidi, na lina wafuasi wengi kwa sababu kila mmoja wetu ana kumbukumbu ya lori lililomlazimisha aingie porini. Madereva huvunja sheria, wananyonya mafuta, wanapakia mizigo ya pembeni, wanakimbiza, wengine wanatumia vilevi ili wasilale. Yote hayo hutokea na yanastahili adhabu. Hata hivyo, haki za raia hazikuwahi kuwa zawadi ya tabia njema. Wafanyabiashara wanaokwepa kodi hawakunyimwa kura wala viti kwenye mabaraza ya ushauri. Zaidi ya hapo, tazama makosa hayo yanatoka wapi. Anayelipwa kwa tripu atakimbiza. Anayepewa posho isiyofika mwisho wa safari atauza mafuta. Ukitaka kubadilisha tabia bila kugusa namna malipo yanavyopangwa, utaishia kuongeza trafiki barabarani, na sote tunajua kila kituo kipya cha ukaguzi kina gharama zake zisizo na risiti.

Wapo pia wanaoogopa nguvu ya lori lenyewe. Ukiwapa hawa sauti, wanasema, kesho watafunga barabara na kuiteka nchi. Mimi naona ushahidi unasema kinyume. Mei 2018 Brazil ilisimama kwa siku kama kumi, vituo vya mafuta vikakauka, mpaka serikali ikakubali kupunguza bei ya dizeli kwa senti 46 za reali kwa lita. Bei hizo zilikuwa zikibadilishwa mara kwa mara bila wanaozilipa kuwa na pa kusemea. Januari 2022 madereva wa Kenya waliegesha malori Malaba na Busia kupinga kipimo cha Corona cha dola 30 kilichowekwa na Uganda, na foleni ikahesabiwa kwa makumi ya kilomita kabla Uganda haijalegeza. Kwetu, Aprili na Mei 2015, mabasi na malori yaligoma mara mbili katika wiki chache, madai yakiwa mikataba ya ajira na sharti la kurudi chuoni kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni; ndipo Serikali ikakumbuka kuunda kamati ya kuwasikiliza. Katika matukio yote matatu mazungumzo yalikuja baada ya barabara kufungwa. Watu hujifunza kutokana na kile kinachozaa matunda, na sisi tumewafundisha madereva kwamba kuzima injini kunasikika kuliko kuandika barua.

Nabaki na haki iliyo chini ya zote, kura. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyetimiza miaka 18. Daftari la wapigakura nalo linampangia kituo kimoja, kwa kawaida karibu na nyumbani, kwa siku moja. Tarehe 28 Oktoba 2020 na 29 Oktoba 2025 zote zilikuwa Jumatano, na zilitangazwa mapumziko ili watu waende vituoni. Meli hazikupumzika, migodi ya Kolwezi haikupumzika, na dereva aliyekuwa Mpika au Kapiri Mposhi, nchini Zambia, alibaki raia mwenye kadi halali mfukoni isiyo na matumizi. Mwaka 2025 uchaguzi uliandamana na vurugu, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kwa aliyekuwa njiani na mzigo, siasa ilimfikia kwa ukali wote, isipokuwa kwa njia ya karatasi ya kura. Jirani zetu wamejaribu kuziba pengo la aina hii. Kenya imekuwa ikifungua vituo kwa raia wake katika nchi za Afrika Mashariki tangu uchaguzi wa 2013, na Afrika Kusini ina kura maalumu zinazopigwa kabla ya siku yenyewe. Hata ndani ya Jamhuri yetu ya Muungano, Zanzibar ina kura ya mapema kwa wasimamizi wa uchaguzi na vyombo vya ulinzi, iliyoanza kutumika mwaka 2020.

Mfano huo wa Zanzibar ndio unaobeba pingamizi zito kuliko yote niliyoyataja, na sitaki kulipita juujuu. ACT-Wazalendo imeipinga kura ya mapema tangu ilipoanzishwa, ikiiona kama mlango wa wizi, na mgombea wake wa urais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alikamatwa tarehe 27 Oktoba 2020 alipokwenda kituoni siku hiyo ya mapema. Ukipendekeza leo kwamba masanduku yakae Tunduma, Rusumo, Kasumulu na Namanga siku tatu kabla ya uchaguzi, mtu wa upinzani atakuuliza masanduku hayo yatalala wapi na nani atayalinda, na swali lake ni la haki. Jibu haliwezi kuwa maneno ya kutuliza. Kinachotakiwa ni utaratibu unaoonekana: dereva aombe mapema kura ya safarini na jina lake lifutwe kwenye orodha ya kituo cha nyumbani, orodha ya walioomba ibandikwe hadharani na vyama vyote vipewe, mawakala walale na masanduku, hesabu ifanywe saa ileile na vituo vingine, matokeo yabandikwe mlangoni palepale mpakani. Ulinzi wa namna hii ungekuwa na faida hata kwa kura zisizo za madereva. Na kama Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi haiwezi kuuhakikisha kwenye vituo vinne vyenye jengo, umeme na polisi saa 24, basi tatizo lake si madereva, na wenye mashaka wana kila sababu ya kuwa nayo.

Kwa kuanzia kura ya Rais peke yake ingetosha, kwa kuwa karatasi yake ni moja nchi nzima. Za mbunge na diwani zinadai karatasi za kila jimbo na kila kata, kazi ambayo hata mimi sioni itafanyika vizuri mara ya kwanza. Walio Zambia na Congo watahitaji makubaliano na nchi hizo, na Congo tangu mwaka 2022 ni mwenzetu ndani ya Jumuiya yenye itifaki ya soko la pamoja inayozungumzia uhuru wa watu na wafanyakazi kuvuka mipaka. Manesi wa zamu, mabaharia, wavuvi wa dago na wanafunzi wangedai utaratibu huohuo mara tu wakiuona, na wana haki ya kuudai. Kuanzia sasa hadi uchaguzi wa 2030 Tume ina muda wa kutosha kupeleka maofisa wake kwenye viwanja vya mizani, ambako kila lori lazima lisimame, wakawaulize madereva ni wangapi walikosa kura mara ya mwisho na walikuwa wapi siku hiyo.